Kipimo cha taya

Binti yangu ndiye aliyenisikia kwanza. Ilikuwa mwisho wa Mei 2021, tumelala Sake, mji mdogo karibu na Goma, mashariki mwa Kongo, kwenye sakafu ya darasa, pamoja na familia nyingine nne. Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ulikuwa umelipuka jioni ya Jumamosi, tarehe 22. Lava iliteremka hadi karibu na uwanja wa ndege wa Goma ikasimama, nasi tukadhani mlima umemaliza. Kumbe ardhi ndiyo kwanza inaanza. Ilitetemeka mchana na usiku, barabara zikapasuka, na asubuhi ya tarehe 27 tukaambiwa tuondoke, Mabanga yetu ikiwa kati ya mitaa 10 iliyotajwa. Nilibeba watoto wawili, mkasi wangu mkubwa, na kichwa cha cherehani nilichokifunga ndani ya kitenge. Usiku wa pili pale Sake, mtoto akanitikisa bega.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, asiwaamshe wengine, "mbona unatafuna mawe?"

Sikumwelewa. Kinywani hamkuwa na kitu. Lakini taya lilikuwa limekaza, na panja zote mbili zilikuwa zinapwita.

Mama mmoja mzee aliyelala karibu nasi alisema ni minyoo. Kwetu jambo hilo halina mjadala, mtu akisaga meno usiku apewe dawa ya minyoo. Tuliporudi mjini mwezi wa Juni nilinunua vidonge, nikameza, nikawapa na watoto. Nikaendelea kusaga. Mwenzangu mmoja wa kwaya aliniambia niombewe, kwa kuwa kusaga meno katika Biblia kunatajwa pamoja na kilio. Niliombewa, na nilishukuru, maana moyo wangu ulihitaji maombi kwelikweli wakati ule. Ila ilinichukua miaka miwili kujua kwamba jambo hili lina jina kwa madaktari, lina wataalamu wake, na lina kifaa kinachoweza kuyaokoa meno. Tangu nikipate, wateja wananiuliza, majirani wananiuliza, na kila mara naona mtu anashika shavu lake anaponisikiliza.

Miaka miwili ile ilikuwa hivi. Naamka asubuhi nimechoka kana kwamba nimebeba mzigo usiku kucha. Kichwa kinauma kuanzia kwenye panja, kisha kufika saa nne kinaachia chenyewe. Kufungua kinywa kwa tonge la kwanza la bugali kulikuwa na kazi yake, na mbele ya sikio la kushoto palikuwa panalia "ka" kila ninapopiga mwayo. Nilimeza parasetamoli. Nilipima malaria mara nyingi, nikaambiwa hakuna. Nilibadilisha mto. Hakuna hata siku moja niliyofikiria meno, kwa sababu meno yenyewe hayakuwa yanauma.

Mwaka 2022 kaka yangu, anayefanya biashara ya kwenda na kurudi Nairobi, aliniletea kinga ya plastiki ya dukani, ile ya kuchemsha. Unaitia kwenye maji ya moto ilainike, unaing'ata, unaipoza, inashika alama ya meno. Alifanya vizuri kunikumbuka, na najua wapo watu ambao imewafaa. Mimi ilinijaa kinywani kama soli ya kandambili. Mate yalitiririka hadi kwenye mto, na nikilala chali nahisi inanisonga. Halafu ulaini wake ukawa balaa nyingine: taya lilipata kitu cha kutafuna, likatafuna. Baada ya miezi mitatu niliitoa asubuhi moja nikaona mwanga upande wa pili. Nilikuwa nimeitoboa mahali pa gego la kushoto.

Kisha likaja hindi. Hindi la kuchoma, jioni, pembeni ya soko la Virunga, Septemba 2023. Nilisikia kitu kigumu ulimini, nikakitema mkononi nikidhani ni kokoto, maana hapa Goma kokoto haikosekani popote. Kilikuwa kipande cha gego langu, pembe nzima, cheupe na safi, hakina tundu wala weusi wowote. Jino lenye afya lililovunjika bila kuoza. Hapo ndipo nilipokwenda kwa daktari wa meno.

Alikuwa kijana, mpole. Kabla sijafika hata kwenye gego aliinua mdomo wangu wa juu kwa kidole, akaangalia meno ya mbele, akauliza: "Mama, unashonaka nguo?"

Nilishtuka. Nikamuuliza amejuaje. Akanipa kioo, akanionyesha kibonyeo kidogo kwenye ncha ya jino langu la mbele, kama alama ya kisu kwenye ubao. Ni uzi. Miaka 19 nimekata uzi kwa meno, nimeshikilia pini kwa meno, na uzi mwembamba umechimba njia yake ndani ya kitu ambacho, aliniambia, ndicho kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu. Lile tabaka la nje la jino ni gumu kuliko mfupa. Lakini halina uhai ndani yake wa kujijenga tena. Mfupa ukivunjika unaunga, ngozi ikikatika inafunga, tabaka hilo likisagika limekwenda.

Kisha akanionyesha magego. Badala ya vilima na mabonde ambavyo gego linatakiwa kuwa navyo, yangu yalikuwa tambarare, yanang'aa, kama mawe ya kusagia yaliyotumika miaka. Akanibonyeza kwenye panja na kwenye mashavu, pale msuli unapovimba ukiuma meno, nami nikaruka kwa maumivu. Alisema msuli ule ni kati ya misuli yenye nguvu sana mwilini, na usiku hakuna anayeuzuia. Mchana mtu anapouma kitu kigumu ubongo unamwonya aache. Usingizini onyo hilo hufifia.

Aliniuliza maswali ambayo sikuyatarajia kwa daktari wa meno. Je, nakoroma? Kuna anayenisikia nikikata pumzi usingizini? Nakunywa kahawa saa ngapi? Pombe? Sigara? Natumia dawa za msongo au za huzuni? Kwa sababu baadhi ya dawa hizo huleta kusaga meno, na kukata pumzi usingizini pia huambatana nako, na mtu wa namna hiyo akipewa kinga ya meno peke yake, ugonjwa wenyewe unabaki palepale. Mwisho akauliza, akiwa ameweka vyombo chini: "Na moyo, mama, unalala namna gani?" Nilimweleza kuhusu mwaka 2021. Nikamweleza kwamba hata sasa lori kubwa likipita barabarani na nyumba ikatikisika kidogo, mikono yangu inakwenda kwa watoto kabla sijafungua macho. Hakunicheka. Alisema hofu si sababu pekee, wapo wanaosaga meno bila hofu yoyote, lakini huwa inaongeza. Mtu hatoki kwenye usingizi mzito kuja kusaga. Usingizi hupungua kidogo, moyo hupiga haraka, na taya hufuata. Na kuhusu minyoo, alisema si kweli. Watoto wengi husaga meno na huacha wenyewe wakikua.

Gego alilijenga kwanza. Kisha akasema nitahitaji gutiere.

Mtu wa Goma akisikia gutiere anafikiria bati. Ni ile mifereji tunayoitundika chini ya paa kukinga mvua, kwa sababu mji wetu umekaa juu ya mwamba wa lava, na kuchimba kisima hapa si jambo la kawaida. Jina ni hilohilo la Kifaransa. Akanichorea: mfereji unaofunika meno yote ya juu, wa resini ngumu, angavu, unene wa milimita 2 au 3. Nililipenda jina tangu hapo. Mvua hainyeshi kidogo kwa sababu umeweka gutiere; inanyesha vilevile, ila maji hayabomoi ukuta. Daktari naye alinisisitizia jambo hilo mara mbili, nisije kusema amenidanganya: kifaa hiki hakikomeshi kusaga. Kinapokea msago badala ya meno.

Bei ilikuwa sawa na magauni matatu ya harusi kwa mkono wangu. Sikuwa nayo. Nilimwomba nitoe avansi, nusu sasa na nusu siku ya kuchukua, jinsi wateja wangu wanavyofanya, akakubali bila kukunja uso.

Kupima ndiko kulikonifurahisha, na sitaficha, kwa sababu kupima ndiyo kazi yangu. Alikoroga unga wa rangi ya waridi na maji kwenye bakuli la mpira, haraka haraka, ukawa uji mzito wenye harufu ya minti. Akaujaza kwenye sahani ya chuma yenye umbo la kwato, akaniambia nipumue kwa pua na niinamishe kichwa mbele, akaisukuma juu. Dakika mbili hivi. Uji ule uligeuka kuwa kitu kama mpira, akauchomoa kwa mvuto mmoja, na ndani yake palikuwa na meno yangu yote, kwa kinyume, kila mkunjo wa ufizi. Akafanya na ya chini. Kisha akanipa kipande cha nta laini niume, ili fundi ajue meno ya juu na ya chini yanakutanaje. Kwa kipimo cha juu na cha chini bila hicho cha tatu, alisema, fundi anashona mikono na kiwiliwili bila kujua bega liko wapi. Sina hakika kama alisema hivyo hasa au ni mimi niliyemwelewa hivyo. Alimimina jasi ndani ya kipimo palepale, kwa sababu ule mpira ukikauka unanywea, na kipimo kinaharibika. Nilimheshimu kwa haraka ile. Nawajua mafundi wanaopima mteja leo na kuandika kesho.

Baada ya siku 10 nikaitwa. Akaivalisha, ikaingia kwa mlio mdogo, "ta", ikakaa. Akanipa niume karatasi yenye rangi, akasugua hapa na pale kwa mashine yake. Umeme ulikatika katikati, akasubiri jenereta iwake, na kwenye benchi nje nilikuwa nimeona watu saba. Aliniuliza: "Inakufinya mahali?"

Ilikuwa inanifinya. Upande wa kushoto, kwenye jino moja, nilihisi kama mtu analisukuma kwa kidole. Na nikiuma, kushoto kunagusa kabla ya kulia. Nikatazama mlango, nikafikiria wale saba, nikafikiria nusu ya bei aliyonisubiri, nikafikiria kwamba yeye amesoma na mimi sijasoma.

"Iko sawa, dokta," nikasema.

Usiku wa kwanza nilivumilia hadi saa nane. Wa pili, hadi saa sita. Wa tatu niliikuta asubuhi ndani ya shuka. Nilikuwa nimeitoa usingizini bila kujua. Baada ya wiki moja niliifungia ndani ya kikopo chake, nikakiweka juu ya kabati pamoja na vifungo, na hapo kilikaa wiki tano. Kila asubuhi panja zinauma, na kila asubuhi nakiona kile kikopo. Nilikuwa nimeshamalizia deni lake.

Kilichonirudisha ni arusi moja huko Himbi. Nilikuwa nimemshonea mama wa bibi arusi gauni la kitenge lenye mikono ya kuvimba, kazi ya siku sita. Alipokuja kwa esayaje, yaani kulijaribu gauni, nilimuuliza kama ananyanyua mkono vizuri. Akasema iko sawa. Siku ya arusi nikamwona amevaa gauni jingine, la fundi mwingine. Nilimfuata baadaye, kwa adabu, nikamuuliza nimekosea wapi. Aliona haya. Akasema kwapani lilikuwa linambana, na alipojaribu kukaa nalo kanisani siku ya mazoezi alishindwa kuinua mikono. "Lakini mama," nikamwambia, na sauti ilinitoka kali kuliko nilivyokusudia, "si nilikuuliza? Hapo kwapani ni kazi ya nusu saa! Nimeacha nguo ya akiba ndani ya mshono kwa ajili hiyo!" Akasema aliona nimechoka, na kulikuwa na watu wanasubiri.

Nilitembea kwa miguu kutoka Himbi hadi nyumbani. Nilipofika sikuvua hata viatu. Nilipanda kiti, nikakishusha kikopo.

Daktari hakukasirika, ila alisikitika kwamba nimepoteza wiki tano. Safari hii nilimwonyesha kwa kidole: hapa, jino hili, kwa ndani, na nikiuma, kushoto kunafika kwanza. Akaleta karatasi ya rangi. Ni nyembamba, bluu upande mmoja na nyekundu upande wa pili, ndugu kabisa wa karatasi ya kaboni tunayotumia kuhamishia mchoro kwenye kitambaa. "Gonga, gonga, gonga," akasema, nami nikagonga meno kwa bluu. "Sasa saga kushoto. Saga kulia," kwa nyekundu. Akaitoa gutiere akaiinua kwenye mwanga. Kushoto palikuwa na doa moja zito la bluu, kulia karibu hapana kitu. Doa zito maana yake pale panabeba taya zima. Akasugua kidogo, akarudisha, nikagonga tena. Madoa mawili. Akasugua, nikagonga. Manne. Tulifanya hivyo labda mara tisa, hadi madoa yakawa mengi, madogo, yametawanyika pande zote mbili kama alama za chaki kwenye nguo iliyokwisha kurekebishwa, na niliposaga kwa upande magego yaliteleza bila kukwama popote. Kisha kwa ndani akapaona mahali palipokuwa panasukuma jino, akapachonga kwa unene usiozidi wa ukucha. Niliivaa, na kwa mara ya kwanza sikuihisi imeanzia wapi.

Siku hiyo fundi aliyeitengeneza alikuwa pale nyuma, kwenye chumba chake chenye vumbi jeupe. Niliomba kumsalimia. Alinitolea kwenye rafu meno yangu mwenyewe, ya jasi, juu na chini, yameandikwa namba kwa penseli. Nimeshika mkononi nguo za watu wengi, najua kifua cha mtu kwa kuangalia gauni lake likiwa limetundikwa. Lakini kushika kinywa chako mwenyewe na kukizungusha kwenye mwanga wa dirisha ni jambo jingine. Niliona njia za msago, mteremko mmoja upande wa kushoto uliolingana wa juu na wa chini kama mlango na fremu yake. Fundi aliyapeleka meno ya chini pembeni polepole juu ya yale ya juu hadi nyuso mbili zile zikakutana sawasawa, zikanyamaza. "Hapa ndipo unapolalaka," akaniambia. Nilipatazama kwa muda mrefu. Mchana siwezi kufika pale hata nikijaribu, shingo nzima inakataa. Usiku nilikuwa nafika kila siku.

Kuhusu kuizoea sina mengi. Wiki mbili za mate mengi, kisha kinywa kikatulia. Asubuhi ukiitoa, meno yanaweza kukutana kigeni kwa dakika chache kisha yanarudi. Yasiporudi, mwone daktari. Unaiosha kwa maji ya baridi na mswaki laini, unaiacha ikauke, unaiweka kwenye kikopo chenye matundu. Maji ya moto usithubutu. Jirani yangu aliniiga akatengenezewa yake, na mwezi mmoja baadaye akaichemsha kama anavyochemsha chupa za mtoto, kwa nia njema kabisa, ikapinda, haikuingia tena. Nao wanaotaka kujisugulia wenyewe kwa tupa ya kucha, nawaomba wasifanye hivyo. Bila ile karatasi ya rangi huwezi kujua unasugua wapi.

Lililonishangaza zaidi ni la mchana. Daktari alisema midomo ifungwe, meno yasikutane, ulimi ulale juu nyuma ya meno ya mbele, taya lining'inie. Meno yanatakiwa kugusana wakati wa kula na kumeza, basi, dakika chache kwa siku nzima. Nikaanza kujichunguza kwenye cherehani. Nikipitisha mshono ulionyooka, meno yamekutana. Nikiingiza zipu, yamebanana hadi mashavu yanatoka. Nikimsikiliza mteja anayesema atalipa wiki ijayo, vivyo hivyo. Nilifunga uzi mwekundu kwenye mkono wa cherehani, mahali ambapo jicho langu lazima lipite, na kila ninapouona naachia taya. Wanafunzi wangu wawili wa kushona walidhani ni dawa ya kienyeji, nikawaeleza. Sasa katika chumba chetu hakuna anayekata uzi kwa meno. Nimenunua mikasi midogo mitatu na kila mmoja anaivaa shingoni. Ningetaka kila fundi wa nguo wa Birere na Majengo asikie hili, kwa sababu hatukufundishwa. Mama aliyenifundisha mimi alikuwa na kibonyeo kwenye jino mahali palepale, na nilipokuwa msichana nilidhani ni uzuri wa asili.

Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia mjini. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo sitaweza kuwaeleza hapa. Tulilala kwenye korido, mbali na madirisha, magodoro yamesimamishwa ukutani. Umeme haukuwepo, maji hayakuwepo. Watu walishuka ziwani kuchota. Niliivaa gutiere kila usiku. Dada yangu aliniuliza jinsi ninavyoweza kufikiria meno wakati kama ule, nami sikuwa na jibu zuri, isipokuwa kwamba kilikuwa kitu kimoja ambacho nilikuwa najua kukifanya. Nilitenga kikombe kimoja cha maji ya ziwa, yaliyochemshwa kwenye jiko la makaa na kupozwa hadi yawe baridi kabisa, nusu kwa kunywa watoto, na ya chini kidogo kwa kuioshea. Asubuhi taya liliuma kuliko ilivyowahi kuuma. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa miaka 13, alisema hakusikia mawe tena, alisikia kama mtu anayesugua ubao kwa mbali.

Nilirudi kliniki mwezi wa Agosti, nilipopata pesa. Benki zilikuwa zimefungwa tangu vita, kila mtu anashika kidogo alichonacho mkononi. Daktari alikuwepo. Aliangalia magego: kazi yake aliyoijenga bado imesimama, na hakuna pembe nyingine iliyovunjika. Kisha akaichukua gutiere, akaikausha kwa pamba, akaigeuza kwenye taa. Haikuwa angavu tena. Upande wa kulia palikuwa na mikwaruzo ya kawaida, myembamba. Upande wa kushoto palikuwa na mfereji, mrefu, wa kuinama, na alipopitisha ncha ya chombo chake ndani yake ilizama na kutoa mlio.

Akanitazama juu ya barakoa. "Hii ni ya Januari," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa. Aliuliza kama nataka mpya au airekebishe hii. Nikamwambia bado ina nguvu, airekebishe. Akachukua karatasi ya bluu, akaishika kwa koleo ndogo, akanisogezea.

"Gonga, mama."

Nikagonga.

"Unasikia je?"

"Bado," nikasema. "Kushoto inafika kwanza. Hapa, kwa nyuma, jino la pili kutoka mwisho."